Kiwiliwili cha kikaragosi saizi ya mtu mzima: njia gani ni nafuu?

Dada wa Igizo (Tanga)
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu kinaandaa igizo la kuhamasisha watu kupima shinikizo la damu, la kuchezwa masokoni. Mhusika mkuu ni bibi, kikaragosi cha ukubwa wa mtu, mgongo umepinda kidogo, anakaa na kuinuka. Kichwa na mikono tunaviweza. Kiwiliwili ndicho kinatusumbua. Tumeshauriwa tukoroge jipsamu kwenye ndoo, tumpake mmoja wetu, ikikauka tuivue. Ni salama kweli? Na kitabebeka?

Fundi wa Buguruni
Dada, hiyo ya ndoo msimpake mtu, nakuomba. Jipsamu inapoganda hutoa joto, na ikiwa nene inaunguza ngozi huku imeshashika, haivuliki. Tafuteni bandeji za POP, zile wanazofungwa waliovunjika mifupa. Maduka ya vifaa tiba wanazo. Roli 8 hadi 10 za upana wa inchi 6 zinatosha kifua na mgongo.

Anayefungwa bandeji avae fulana ya zamani inayobana, mzungushieni plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, na ngozi yoyote inayobaki wazi ipakwe mafuta ya mgando. Ainame kibibi tangu mwanzo, maana mkao ukishaganda ndio huo. Mbele kwanza, safu tatu au nne, hadi ubavuni. Ikishashika, pakeni mafuta ya mgando kwenye ukingo, ndipo muende mgongoni, vitoke vipande viwili. Msimkaze kifua. Akisema anasikia kizunguzungu, mvueni hapo hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri: ganda hilo la plasta si mwili wa bibi. Ni kalibu tu, yaani umbo la kufinyangia mwili wenyewe. Mkimbebesha mchezaji plasta, baada ya dakika chache mikono yake inatetemeka, na bibi anatetemeka naye mbele ya watu.

Mwili wenyewe utandikeni ndani ya kalibu kwa karatasi za mifuko ya saruji (ya karatasi, si ya sandarusi). Hakuna karatasi ninayoithamini kama hii: ngumu, nyuzi ndefu, na kwenye saiti za ujenzi mnapewa bure. Ikung'uteni nje, pua na mdomo vimefunikwa. Ifikicheni mikononi kama mnafua kanga hadi ilegee, kisha ichaneni vipande kwa mkono. Mkasi unaacha ukingo mkali unaoonekana hata chini ya rangi. Ukingo uliochanwa unalala na kupotea. Gundi ni uji wa unga wa ngano uliochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala, kwa sababu uji mtupu unaita mende na panya. Kalibu ipakwe mafuta ya mgando kwanza. Safu ya karatasi ya saruji, safu ya gazeti, kwa kupokezana, ili muone palipobaki wazi. Safu 5 zinatosha. Kila mbili zikauke kabisa kabla ya kuendelea, la sivyo ndani kunaota ukungu.

Mwalimu wa Sanaa (Mombasa)
Sisi huku hatutumii plasta. Fulana, plastiki, halafu selotepu pana ya kahawia ya kufungia katoni, tabaka tatu. Unakata mgongoni kwa mkasi wa ncha butu, mtu anatoka, unaziba na kujaza matambara. Mchana mmoja kazi imeisha.

Fundi wa Buguruni
Mwalimu, kwa mwili wa kuvalishwa nguo hiyo inafaa sana. Ila matambara ni mazito. Jazeni chenga za sponji, mafundi sofa wanazo (hapa Dar mimi nazipata Keko). Na kwenye jua la sokoni selotepu hulegea, ndiyo maana kwa bibi huyu nachagua karatasi.

Dada wa Igizo (Tanga)
Nimeelewa. Na akikaa, kiuno kitakunjikaje? Wachezaji wangapi?

Fundi wa Buguruni
Msikifanye kipande kimoja. Kateni kiunoni, acheni nafasi ya vidole vinne, unganisheni kwa turubai. Mabega yashikwe kwa kamba. Wachezaji watatu. Bunraku, maigizo ya vikaragosi ya Wajapani, ndivyo ilivyo: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hata Amal, kikaragosi cha mita 3.5 walichokitengeneza Handspring, kampuni ya vikaragosi ya Cape Town, kilichotembezwa kutoka Uturuki hadi Uingereza mwaka 2021, kilijengwa kwa henzirani na nyuzi za kaboni ili kibebeke. Mkishaunganisha, mpeni aliye mwembamba kuliko wote kikundini ashike kiwiliwili kwa muda wa igizo zima. Akilalamika, punguzeni uzito kabla ya kupaka rangi.