Bunduki ya nkambo imeandikwa Elisabethville: nani aliitengeneza, na mwaka gani?

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)

Salamu kwenu wote. Nkambo wangu (babu) alifariki mwezi wa nne, na katika vitu alivyoacha iko bunduki moja ya kuwinda, yeye aliiita tu "buta", miaka yote ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi juu ya kabati na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kugusa hilo blanketi. Sasa imefika kwangu juu baba alishatangulia. Familia imegawanyika. Baba mdogo anasema hii ndiyo ile baba ya nkambo alirudi nayo toka Tabora 1916 na Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, shangazi anasema hapana, ilikuwa ya muzungu mmoja. Mimi siuzi, nataka tu kujua ukweli ili nikiwasimulia watoto wangu niwasimulie kitu cha kweli.

Nilichoona: mtutu mmoja, kitako cha mti mweusi, kilipasuka pale mkono unaposhika na mtu alikizungushia waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa vizuri na umelainika kabisa kwa kushikwa. Iko na kulasi, kile chuma unainua halafu unavuta nyuma. Juu ya mtutu wameandika jina la magazini (duka) na chini yake ELISABETHVILLE. Ubavu wa kushoto FABRIQUE NATIONALE D'ARMES DE GUERRE HERSTAL BELGIQUE. Halafu 9,3x62 na vialama vidogo vidogo, kimoja kama yai lenye taji juu. Aliyetengeneza ni hiyo magazini ya hapa kwetu ao ni Wabelgiji? Mwaka hauonekani popote.

Kaka_Birere (Goma)

Pole kwa msiba ndugu. Minaona hiyo ni Mauser ya Wajerumani, zile zilibaki huku kwetu kisha vita ya kwanza, baba yako mdogo anaweza kuwa na haki. Angalia kama kulasi iko na kucha ndefu ubavuni.

Fundi_wa_Likasi

Pole sana mwanangu. Mimi nilifanya miaka mingi na armirie (fundi wa bunduki) mmoja hapa Likasi, bunduki za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi, kwa hiyo nitakuandikia kirefu kidogo, uvumilie.

Kwanza kabisa fungua kulasi, uangalie, halafu ingiza kidole mpaka ndani ya chemba. Usiamini macho. Nimeona risasi imekaa ndani ya bunduki ya marehemu miaka ishirini.

Sasa ndugu wa Goma hakukosea sana, umbo ni la Mauser 98, lakini umbo si mtengenezaji. Fabrique Nationale ilianzishwa 1889 kule Herstal, karibu na Liège, kwa ajili ya kutengeneza Mauser za jeshi la Ubelgiji, na baadaye wakatengeneza hata hii mashine ya 98. Na hawakuitumia peke yao, waliiuzia mafundi wengine, wale wakaweka mtutu wao na mti wao. Ndiyo maana jina la Herstal ubavuni linakuambia nani alitengeneza chuma kinachobeba kulasi, halikuambii bado nani aliunganisha bunduki nzima. Na magazini ya Elisabethville ni muuzaji tu, waliagiza Ulaya wakapigisha jina lao juu. Lakini usilidharau hilo jina, mji ulibadilishwa kuwa Lubumbashi 1966, kwa hiyo unajua tayari kwamba iliuzwa kabla ya hapo.

Hilo yai lenye taji, ndani yake utakuta ELG na nyota. Ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, kila bunduki ya kule ilipaswa kupigishwa pale kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Taji juu ya yai liliongezwa 1893. Utakuta pia mnara mdogo, huo ni Perron, nguzo ya mji wa Liège, na simba juu ya herufi PV, maana yake imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na R yenye taji, yaani mtutu una mifereji ya kuzunguka ndani.

Ila mwaka uko chini ya mti. Toa skurubu mbili za chini, ya mbele na ya nyuma, kwa turnevisi (bisibisi) inayojaa kwenye mfereji wa skurubu, ikicheza utaharibu. Inua chuma polepole, na huo waya wa shaba usiuguse hata kidogo, huo ni mkono wa nkambo wako. Usipige msasa, usipige brosi ya chuma. Chukua chaki ya shule, paka juu ya alama, pangusa kwa kidole, chaki itabaki ndani ya herufi na utasoma kila kitu. Tafuta herufi moja ndogo inayosimama peke yake, bila nyota.

Mama_Nguba (Bukavu)

Aksanti fundi kwa kufundisha. Mimi niongeze kitu, juu nilikosea zamani na ilinisumbua. Marehemu mume wangu aliacha kalibre 12 ya mitutu miwili, juu imeandikwa ACIER COCKERILL kwa herufi nzuri kabisa, nikaambia watu wote kwamba mtengenezaji anaitwa Cockerill. Kumbe acier ni chuma, Cockerill ni kiwanda cha chuma cha Seraing, kilileta chuma cha mitutu tu. Jina la fundi mwenyewe lilikuwa herufi mbili ndogo chini ya mitutu, mahali hakuna mtu anaangalia. Kwa hiyo mwanangu usidanganywe na jina kubwa.

Na jambo lingine: nenda mapema kwa wakubwa wa serikali na cheti cha kifo. Silaha zinafuata sheria, ordonansi-loi 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985, na permi (ruhusa ya silaha) ilikuwa ya nkambo, haikufuati wewe kwa sababu umerithi. Uende na makaratasi kwanza, bunduki ibaki nyumbani imefungwa mpaka wakwambie. Na hapa usiweke nimero ya seri.

Mwana_Kampemba

Aksanti mama, kesho asubuhi naenda. Fundi, nimefanya vile ulisema, na baba mdogo alikuwa amekaa pembeni anashika toshi. Chaki imefanya kazi kabisa. Nimeona mnara, simba na PV, R yenye taji, K yenye nyota juu yake, na peke yake pembeni herufi p ndogo. Alama zile zile ziko pia kwenye chuma cha kulasi, na nimero ya mtutu ni sawa na ya kulasi.

Fundi_wa_Likasi

Vizuri sana. Nimero kufanana ni habari njema, maana yake mtutu haukubadilishwa. K yenye nyota ni mkaguzi, kila mmoja alikuwa na herufi yake. Ile p ndiyo mwaka. Liège walianza kupiga herufi ya mwaka 1922 na a ndogo, hesabu kwa vidole: a 1922, b 1923, uende hivyo, p inaangukia 1937.

Kwa hiyo bunduki hii haikuwa Tabora. Samahani kwa baba mdogo, naye asisikie vibaya, babu yake anaweza kuwa alipigana Tabora kweli, hilo bunduki haiwezi kulikana. Lakini ile ya serikali askari hakwenda nayo nyumbani. Na 9,3x62 si risasi ya jeshi, aliitengeneza Otto Bock wa Berlin 1905 kwa ajili ya wawindaji na wakulima wa Afrika, wapate kuua mnyama mkubwa kwa bunduki isiyo ya bei ya kitajiri. Mtengenezaji basi: mashine ni ya Herstal, na kama hakuna herufi za fundi mwingine chini ya mtutu, mimi ningesema nzima imetoka Herstal.

Swali langu kwa shangazi yako: nkambo alikuwa anafanya kazi gani? Wakati wa Wabelgiji Mkongomani wa kawaida aliruhusiwa ile ya kujaza baruti kwa mbele, bunduki ya namna hii haikupatikana kirahisi.

Mwana_Kampemba

Nimemuuliza leo jioni. Shangazi alinyamaza kwanza, kisha akasema nkambo alikuwa anatangulia muzungu wake porini upande wa Lufira, yeye ndiye aliona nyayo, yeye ndiye alibeba. 1960 yule muzungu akaondoka na gari moja na sanduku mbili, hii akamwachia mkononi. Shangazi alikuwa na miaka tisa, anakumbuka nkambo alikaa nayo kwenye magoti mpaka giza bila kuwasha taa. Waya ulifuata baadaye, kitako kilipasuka mwaka ule ule alipoanguka nayo mtoni, na shaba alipewa na rafiki yake wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba.

Baba mdogo alisikiliza yote. Amechukua chaki amepaka tena juu ya p, amepiga foto.