Mpenzi wa zamani amekutwa na klamidia, nami sisikii chochote: nipimwe nini hapa Nairobi?

Kijana wa Kasarani

Hamjambo nyote. Nina umri wa miaka 29, na mwezi wa Desemba wazee wetu watakwenda kwa wazazi wa mchumba wangu kupeleka posa. Wiki mbili zilizopita dada mmoja niliyeachana naye mwezi Machi alinipigia simu akanieleza, bila kunilaumu, kwamba amepimwa akakutwa na klamidia, ugonjwa wa zinaa, na kwamba daktari amemtaka awaarifu wote aliowahi kuwa nao karibuni. Mimi sina maumivu, sitokwi na usaha, wala siwashwi popote.

Kwa hofu nilikwenda kwenye duka la dawa lililo karibu na steji yetu. Mhudumu aliniuliza swali moja tu, kama inawasha, kisha akanipa vidonge sita vya rangi mbili ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "1 x 2", pasipo jina la dawa. Nilivimaliza kwa siku tatu. Shemeji yangu anasema mwanamume mwenye klamidia ni lazima asikie moto akikojoa, na kwamba kwa kuwa mwaka jana nilipimwa HIV nikaambiwa sina, basi sina la kuogopa. Je, dawa zile zimenitibu? Nikienda kupimwa, watatafuta nini hasa? Na mchumba wangu nimweleze sasa, au nisubiri majibu?

Mtaalamu wa Maabara

Ndugu yangu, nimekaa maabara miaka kumi na moja, na shemeji yako namsikia karibu kila siku kwa sauti za watu mbalimbali. Klamidia huweza kukaa mwilini kwa miezi mingi bila dalili yoyote, kwa wanawake zaidi, lakini hata kwa wanaume wengi. Kipimo cha HIV nacho hutafuta HIV peke yake. Hakitazami klamidia, kisonono wala kaswende, na majibu ya mwaka jana hayasemi lolote kuhusu mwaka huu.

Kuhusu dawa, hakuna awezaye kukujibu, kwa sababu hujui ulimeza nini. Klamidia kwa kawaida hutibiwa kwa doxycycline, asubuhi na jioni kwa siku saba, au kwa azithromycin ya kumeza mara moja. Vidonge sita vya siku tatu havilingani na lolote kati ya hayo. Kama bahasha ingali nyumbani, nenda nayo.

Sasa kupimwa kwenyewe. Klamidia haionekani kwa darubini ya kawaida kama trikomonasi, kijidudu kingine cha zinaa, inavyoonekana ikiogelea, wala haioti kwa urahisi maabara. Kipimo kinachoaminika ni kile kinachotafuta chembe za urithi za kijidudu ndani ya mkojo, au, kwa mwanamke, katika majimaji yanayochukuliwa ukeni kwa kijiti cha pamba. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu sampuli wenyewe. Tangu walipopimwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, walifundishwa kumwaga mkojo wa kwanza na kukinga wa katikati. Kwa klamidia na kisonono ni kinyume kabisa: tunataka yale matone ya kwanza, kiasi kidogo tu, kwa kuwa ndiyo yanayosafisha njia walimojificha wadudu. Usikojoe kwa angalau saa moja kabla ya kutoa sampuli. Nimewahi kuletewa kopo lililojaa hadi mfunikoni na mtu aliyedhani kwamba wingi ni ubora. Nilimshukuru nikamwomba arudi baadaye.

Kipimo hicho kina udhaifu mmoja unaokuhusu. Baada ya dawa, mabaki ya wadudu waliokufa huweza kuonekana kwa wiki tatu au nne, kwa hiyo majibu ya haraka baada ya kumeza vidonge huweza kudanganya. Usikae nyumbani ukisubiri, lakini. Mwambie mhudumu wa afya wazi kwamba mtu uliyekuwa naye amekutwa na klamidia, kwani aliyewahi kulala na mgonjwa aliyethibitishwa huweza kutibiwa kikamilifu hata kabla ya majibu kutoka. Ukianza tiba, usishiriki ngono kwa siku saba, na hata zikipita, subiri mchumba wako naye atibiwe. Baada ya miezi mitatu rudi upimwe tena, kwa sababu wengi huambukizwa upya na mtu yuleyule ambaye hakutibiwa.

Omba pia damu ipimwe kaswende na HIV. Yote mawili huweza kuchukua hadi miezi mitatu kabla ya kuonekana kwa hakika katika vipimo vya haraka vya kidole, hivyo taja tarehe ya mara ya mwisho. Usimfanye dada yule mshtakiwa, tafadhali. Majibu hayasemi ni nani aliyemwambukiza mwenzake, na amekufanyia wema ambao wengi hawafanyiwi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Hamko wawili tu.

Kwa mahali, kituo cha afya cha Casino, River Road, kinajulikana tangu zamani kwa kutibu magonjwa ya zinaa. Popote uendapo uliza kwanza, kabla ya kulipa, kama kipimo hicho cha mkojo kinafanyika hapo au sampuli hupelekwa kwingine, na kwa bei gani.

Mkazi wa Buruburu

Mimi nasema vipimo ni biashara tu. Mwaka juzi nilitokwa na usaha, nikaenda kituo fulani cha umma, daktari akanisikiliza dakika tano, nikadungwa sindano na kupewa vidonge. Hakuna aliyepima chochote, na nilipona kabisa.

Mtaalamu wa Maabara

Ulitibiwa kwa kufuata dalili, Bwana Buruburu, na ni utaratibu halali unaotumika katika vituo vingi nchini, kwa sababu usaha wa aina ile kwa mwanamume mara nyingi huwa ni kisonono, klamidia au yote mawili, na dawa hutolewa kwa yote. Lakini utaratibu huo huanzia kwenye dalili, na huyu kijana hana hata moja. Jingine ni kwamba kisonono kimezoea dawa nyingi tulizokuwa tukizitegemea, na vidonge vya bahasha za kaki vimechangia.

Mama Pacha

Mwanangu, mimi ni mama wa Umoja, na nitakujibu swali la mwisho tu. Mimba yangu ilipokuwa ya miezi minne, kliniki walinitoboa kidole kwa kile kipimo kinachotazama HIV na kaswende kwa pamoja. Kaswende ilikuwapo. Sikuwa na kidonda wala upele. Nilidungwa ile sindano nzito ya penisilini, inayoingia taratibu mpaka mguu unakufa ganzi, na wanangu walizaliwa salama. Mume wangu ndiye aliyenisumbua. Alikataa kwenda kwa kuwa hakuwa na kidonda, hata muuguzi alipomweleza kwamba kidonda cha kaswende hakiumi na hupona chenyewe baada ya wiki chache, huku ugonjwa ukibaki ndani. Tulikosana wiki mbili nzima, na kila siku niliogopa kwamba atanirudishia nilichotibiwa.

Kwa hiyo mweleze mchumba wako sasa. Klamidia isiyotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na mwanamke akaja kuijua siku atakapotafuta mtoto asimpate, au mimba itunge nje ya kizazi. Ni mwili wake, asiambiwe Desemba. Jambo dogo la pembeni: mkipimwa, tunzeni karatasi. Kipimo cha haraka cha kaswende huweza kubaki kikionyesha ndiyo maisha yote hata baada ya kupona. Katika mimba yangu ya pili muuguzi mmoja alinitazama kana kwamba nimerudia kosa, mpaka nilipomfungulia kijitabu cha kliniki.

Kijana wa Kasarani

Ahsanteni sana. Nilimweleza Jumamosi. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama dada yule ametibiwa, kisha akasema tutakwenda pamoja. Nilikuwa naogopa pia majibu ya HIV kuzungumzwa korido, lakini mshauri alitukumbusha kwamba sheria ya mwaka 2006 inamtaka apate ridhaa yetu kabla ya kutupima na ayatunze majibu kwa siri, naye alimwita kila mmoja peke yake. Damu zote mbili hazikuonyesha kitu. Bahasha ya kaki daktari aliitazama, akatikisa kichwa, akatuandikia sote wawili doxycycline ya siku saba. Mkojo wangu walisema wataupima mwezi ujao, ili mabaki yasidanganye. Wake umekwisha kupelekwa, na majibu ni Jumanne. Siku tuliyokwenda nami nilikuwa nimebana mkojo tangu Kasarani, foleni ya Thika Road ikageuza saa moja ya Mtaalamu kuwa karibu mbili, na nilipoambiwa kwamba wangu hautakiwi leo, mchumba wangu ndiye aliyecheka kwanza.