Dunia ya miaka 6,000 na taya la Moroto la miaka milioni 20: umri wa jiwe husomwaje?

Mbugani256
Habari wakuu. Nyumbani na kanisani tulifundishwa kwamba dunia haijazidi miaka 6,000. Kwenye masomo ya S.5 (kidato cha tano) nakutana na taya la mnyama wa jamii ya nyani wakubwa lililochimbwa Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, eti lina zaidi ya miaka milioni 20. Siombi kubadilishwa imani wala kutetewa. Naomba hatua: umri huo unasomwaje, na makosa huingilia wapi? Mhubiri mmoja anasema kipimo cha kaboni hakiaminiki, na kwamba jiwe la volkeno la juzi tu liliwahi kupimwa likatoka na umri wa laki kadhaa.

Mtapo_Karamoja
Kuhusu kaboni, hakuna anayeitumia Moroto. Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka kama 50,000, iliyobaki ni kidogo mno kupimika. Inafaa kwa mkaa, mbao au mfupa wa karibuni, basi.

Moroto hupimwa mawe ya volkeno, kwa potasiamu na agoni. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote ni potasiamu-40, ambayo hupungua nusu kila miaka bilioni 1.25. Takriban asilimia 11 ya inayopungua hugeuka agoni-40, nyingine huwa kalsiamu. Agoni ni gesi: lava ikiwa bado uji inatoroka, ikiganda inanaswa ndani ya fuwele. Kwa hiyo saa inaanza siku lava ilipoganda. Maabara huvunja jiwe, huchambua fuwele safi, huziyeyusha ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha huhesabu agoni iliyotoka. Halafu huondoa agoni ya hewani. Hiyo hujulikana kwa sababu kila agoni-36 (aina nyepesi ya agoni) moja ya hewani huja na agoni-40 karibu 300.

Makosa makubwa ni ya aina mbili. Jiwe lililooza kwa mvua na jua huvujisha agoni, likaonekana changa kuliko lilivyo. Jiwe lililobeba fuwele za zamani, zilizoganda kabla ya mlipuko, huonekana zee. Hilo la pili ndilo la mhubiri wako: jiwe la mlima Saint Helens, Marekani, lililoganda miaka ya 1980, lilitoka na umri wa miaka 350,000 hivi. Lilikuwa na fuwele za zamani, na agoni ya miaka kumi ni chache mno kwa mashine iliyotengenezewa mawe ya mamilioni. Ni sawa na kupima chumvi ya mchuzi kwa mzani wa magunia ya kahawa.

Baiolojia_Mbale
Nyongeza kuhusu Moroto yenyewe. Vipimo vya miaka ya 1960 vilitoa zaidi ya miaka milioni 14, vya 1997 vikatoa zaidi ya milioni 20. Wapo wataalamu waliobisha, kazi ikarudiwa. Na ssebo, usiseme mtu alitoka kwa sokwe wa msitu wa Kibale. Sokwe ni binamu. Babu wa pamoja aliishi miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Sokwe ana kromosomu 48, sisi 46. Kama kweli tuna babu mmoja, lazima mbili ziliungana. Ukiangalia kromosomu yetu ya 2, katikati yake kuna herufi za DNA zinazopaswa kuwa nchani tu, na pia mabaki ya kitovu cha pili (sentromea), ingawa kila kromosomu huwa na kimoja tu. Dai hilo lingeweza kushindwa, halikushindwa.

Mfano wa karibu zaidi ni selimundu. Herufi moja ya DNA ikibadilika, jeni ya kawaida, A, huwa S. Mtoto mwenye nakala mbili za S, yaani SS, huugua vibaya. Jeni kama hiyo ingepaswa kuisha. Haiishi, kwa sababu mwenye nakala moja ya kila aina, AS, hupata malaria kali mara chache kuliko mwenye AA. Wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Pimeni kabla ya harusi, tafadhali, hata asiyeamini mageuko.

Mwanatheolojia_Gulu
Biblia haitaji 6,000 popote. Watu hujumlisha miaka ya mababu kwenye Mwanzo 5 na 11. Askofu James Ussher wa Ireland alifanya hivyo karne ya 17 akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hata nakala hazikubaliani: ya Kiebrania Adamu ana miaka 130 alipomzaa Sethi, ya Kigiriki cha kale 230. Upande wa Waislamu, Kurani haitoi umri wa dunia. Papa Pius XII aliruhusu mjadala wa asili ya mwili wa binadamu mwaka 1950, na aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, Georges Lemaître, alikuwa padri. Kwa hiyo mhubiri wako anatetea hesabu ya Ussher zaidi ya andiko.

Mbugani256
Asanteni. Nikikuta umri fulani mtandaoni, nikague nini kwanza?

Mtapo_Karamoja
Kwanza, kilichopimwa ni jiwe gani, na liko juu au chini ya kisukuku (mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe). Lava iliyo juu yake inakwambia kisukuku ni cha zamani zaidi ya hapo tu. Umri kamili unahitaji tabaka la chini pia. Pili, namba ya ± (kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea) iwepo. Tatu, njia ya pili isiyotegemea agoni, kwa mfano urani na madini ya risasi ndani ya fuwele za zirkoni. Zote zikikutana kwenye umri mmoja, anayepinga ana kazi ya kueleza kwa nini zimekosea kwa kiasi kilekile.