Naombeni ushauri: nimekwama pointi 1600 kwenye chesi ya mtandaoni na nimebakiza wiki tatu

Kibanda_cha_Msamvu
Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaocheza chesi mtandaoni. Mimi nacheza Lichess, dakika 10 bila nyongeza, na tangu Februari nazunguka kati ya pointi 1580 na 1650. Leo napanda, kesho naporomoka. Nimebakiza wiki tatu na usingizi sipati.

Nijieleze nilivyo. Nikiwa na nyeupe naanza na askari d4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), halafu askofu f4, ule mfumo wa London. Nikiwa na nyeusi na mwenzangu akianza e4, nacheza ulinzi wa Caro-Kann. Nguvu yangu ni kushambulia. Kuna michezo nimetoa askofu mzima pale h7, mfalme akabaki uchi, nikamaliza kabla ya hatua ya 25. Tatizo ni mwisho wa mchezo. Juzi nilikuwa na ngome na askari wawili, mwenzangu ana ngome na askari mmoja, saa ikaniishia bado naizungusha ngome nyuma huko. Halafu simu yangu imepasuka kioo, ufa unashuka kuanzia safu ya g mpaka h. Askofu akikaa kona ile simwoni vizuri.

Wiki tatu hizi nijifunze nini?

Mzee_wa_Vizibo
Kijana, miaka ile Ilala tulikuwa na drafti la ubao, kete ni vizibo vya soda, wengine wanavigeuza juu chini ili vitofautiane. Kulikuwa na fundi viatu mmoja haongei kabisa. Anakuacha unakula kete zake mbili, tatu, unafurahi, kumbe anakuvuta. Ukija kushtuka ana kingi mbili na wewe huna pa kusogea. Yule bwana alinifundisha kitu kimoja: usile kwa sababu kuna cha kula. Chezeni drafti kwanza, chesi itakuja yenyewe.

Mama_Kihonda
Mimi hayo madude siyajui, ila jina lako linasema una kibanda. Ukiwa unacheza dakika kumi kumi, wateja wanahudumiwa na nani? Mtu amekuja kutoa hela ya hospitali anakukuta umeinamia simu. Mwanangu, kazi kwanza.

Kibanda_cha_Msamvu
Mama shikamoo. Wateja hawakosi huduma, mchana mdogo wangu ananisaidia akitoka shule. Mimi nacheza usiku nikishafunga hesabu.

Pwani_Mchangani
Mleta mada, wiki tatu za nini? Hapo umeparuka.

Kibanda_cha_Msamvu
Kuna mashindano Dar, ya ubao wa mezani. Nimeshalipa kiingilio, na kijiweni wote wanajua naenda. Ndiyo maana nataka kujua nirekebishe nini.

Farasi_wa_f6
Tuma jina la akaunti faragha niangalie michezo. Bila kuona michezo tutakuwa tunapiga ramli.

Shaha_wa_Makunduchi
Huku kwetu anayeitwa shaha ni bingwa wa bao, na bao lina hesabu kuliko sataranji, watu hawajui tu. Babu yangu alikuwa anahesabu mizunguko yote kichwani kabla hajagusa kete. Kwa hiyo ndugu, jifunze kuhesabu kwanza. Funga macho, sema hatua tatu za mbele, ndipo uguse simu.

Farasi_wa_f6
Nimerudi. Nimepitia michezo yako 40 ya mwisho, na nimetumia jioni yangu yote kwa hiyo naomba usinikasirikie.

Michezo ya usiku, kuanzia saa nne kuendelea, ni ya mtu mtulivu. London kila siku, hatoi kete bure, anapenda kubadilishana malkia mapema. Huyu ni mchezaji mgumu kumfunga. Anafika mwisho wa mchezo akiwa sawa au mbele kidogo, na hapo ndipo anapokufa: mfalme wake anabaki g1 kana kwamba bado kuna malkia ubaoni, na ngome yake inalinda askari kwa nyuma badala ya kwenda kusumbua. Michezo tisa kati ya aliyopoteza, ameanguka kwa saa.

Michezo ya alasiri, saa tisa mpaka kumi na moja, ni mtu mwingine. Anaanza e4. Halindi chochote. Anatoa askofu h7, farasi anaruka g5, malkia anafuata h5, na anamaliza akiwa na dakika sita kwenye saa. Mtu huyu hajawahi kucheza London hata mara moja.

Sasa kaka, ulisema nguvu yako ni kushambulia. Kwenye michezo yako ya usiku sijaona shambulizi hata moja. Nani anacheza mchana?

Pwani_Mchangani
Nimevuta kiti.

Kibanda_cha_Msamvu
Sawa. Ni mdogo wangu wa kike, yupo kidato cha pili. Nilimfundisha mwaka jana mvua zikiwa nyingi na wateja hamna. Simu ni moja, akaunti ni moja, hatukuona shida. Sikusema mwanzo kwa sababu swali langu halimhusu yeye, linahusu mwisho wa mchezo.

Farasi_wa_f6
Linamhusu sana. Ukimwondoa yeye, wewe una 1500 hivi, na yeye peke yake huenda ana 1750. Hiyo 1600 ni ya mtu ambaye hayupo. Halafu akaunti moja ni ya mtu mmoja, wakiwagundua watawafungia.

Mama_Kihonda
Kumbe aliyelipiwa kiingilio ni nani, wewe au binti?

Kibanda_cha_Msamvu
Mimi. Mama naomba unielewe. Yeye ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili Novemba. Hajawahi kulala nje ya nyumbani. Kiingilio ni hela yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha hata farasi anaendaje. Tena mashambulizi yale mengine huwa tunajadiliana, siyo kwamba mimi simo kabisa. Nimeshawaambia watu naenda, nikirudi nyuma sasa hivi nitaonekanaje?

Nalubaale_Kampala
Ndugu yangu, mimi niko Kampala. Phiona Mutesi alikuwa mtoto wa Katwe, mtaa wa mabanda hapa kwetu. Alimfuata kaka yake mpaka kwenye mradi wa Robert Katende, na kilichomvuta ni kikombe cha uji. Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika pale. Lakini mwaka 2010 aliyekwenda Urusi kuichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi ni yule mdogo. Fikiria kama kaka angesema mimi ndiye niliyeanza.

Mtaa_wa_Pili
Wakuu mbona mnakunywa chai ya moto hivi? Binti wa kidato cha pili, mwaka mmoja tu, anatoa askofu h7 na kumaliza na dakika sita mkononi? Hiyo ni injini, programu ya kompyuta inayomwambia hatua za kucheza. Jamaa anaiba mchana, usiku anacheza mwenyewe, amebanwa ndipo akazaa mdogo. Mwaka 2023 kwenye mashindano ya wazi ya Kenya pale Nairobi kijana wa kiume alivaa hijabu na nikabu akacheza na wanawake. Watu wa chesi siwaamini hata kidogo.

Pwani_Mchangani
Aisee, hapo kwenye chai umenifungua macho. Uzi umeanza na kioo cha simu, ukaja mashindano, sasa mdogo. Kesho tutaambiwa kuna bibi pia.

Kibanda_cha_Msamvu
Nisingekuja kuomba msaada nikiwa na injini. Mdogo wangu hajui hata injini ni kitu gani. Nitukaneni mimi, yeye mwacheni.

Farasi_wa_f6
Mtaa_wa_Pili, wasiwasi wako nauelewa. Tangu Carlsen alipojitoa kwenye mashindano ya Sinquefield mwaka 2022 baada ya kufungwa na Niemann, kila anayeshinda anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Nami nilianza na swali hilohilo. Lakini tazama michezo yenyewe.

Anayetumia injini kwa wizi mara nyingi anatumia muda ule ule kwa kila hatua, hata kwa kete ambayo lazima uile. Huyu mtoto anajibu vitu vya wazi kwa sekunde mbili, halafu kabla ya kutoa askofu anakaa dakika moja na sekunde arobaini. Anafikiri kweli. Na kati ya mara saba alizotoa askofu h7, tatu ni makosa kabisa. Mara mbili mwenzake alikuwa na nafasi ya kurudisha farasi f6 na kulinda h7, mpinzani hakuona. Mara ya tatu mfalme alipanda g6 na shambulizi likafa palepale, binti akafungwa. Hakuna injini inayotoa kete kwa imani.

Na hapo ndipo pa kumrekebisha. Ana macho ya hatari, ana ujasiri ambao haufundishwi, lakini hamuulizi mpinzani "utajibu nini?" Kabla hajatoa askofu, aangalie vitu viwili: farasi wa mwenzake anaweza kufika f6? Mfalme akienda g6 namfuata na nini? Akikosa jibu, asitoe.

Wewe kaka, kaza mwisho wa ngome. Lichess kuna mazoezi ya bure. Anza na mkao unaoitwa Lucena: askari wako yuko mstari wa saba, mfalme wako amekaa mbele yake, mfalme wa adui amefungiwa nje. Ngome ipande mstari wa nne kwanza, kisha mfalme atoke. Akikupiga cheki mpaka mwisho, unaikinga kwa ngome ileile. Halafu mkao wa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, kwa siku unapokuwa nyuma: ngome yako ikate mstari wa sita ukihesabu kutoka upande wa adui, askari wa adui akisogea hapo, shuka chini kabisa umpige mfalme wake cheki kwa nyuma. Na acha dakika 10 kavu, cheza 10 na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua. Kwa hatua 40 unapata dakika tatu na ushee, hizo ndizo unazofia kila siku.

Mtaa_wa_Pili
Hapo kwenye muda nakubali. Narudisha kikombe. Ila akaunti mtenganishe.

Mzee_wa_Vizibo
Mimi nasema kamwekee ubao mezani mcheze bila simu. Nyote wawili hamjawahi kugusa kete.

Kibanda_cha_Msamvu
Mzee shikamoo, hilo ndilo nililoficha mpaka mwisho. Kete sijawahi kushika. Zote za simu.

Jana usiku nilichora ubao kwenye boksi la biskuti kwa rula na kalamu ya wino. Vizibo tukaviandika herufi: N ngome, F farasi, A askofu, Mk malkia. Askari hawana herufi. Tulicheza minne. Mitatu alinifunga, na bila ufa wa kioo niliona kila kitu akinifanyia. Wa nne nikabakiwa na ngome dhidi ya ngome na askari, nikakumbuka mstari wa sita, nikapata sare. Alinuna kweli.

Akaunti yake nimemfungulia leo asubuhi. Nimewapigia waandaaji, wamesema jina linabadilishwa mpaka Ijumaa. Bado sijawaambia walitoe langu. Mama Kihonda, naongea na shangazi yetu wa Temeke kuhusu pa kulala.

Yeye ana maswali mawili, ameniambia niwaulize nyie. Ukishagusa kizibo ni lazima ukicheze? Na saa ya mezani unabonyeza kwa mkono gani?

Farasi_wa_f6
Mwambie akigusa lazima acheze, ila kama anataka kuiweka kete sawa katikati ya mraba aseme "narekebisha" kwanza, kabla ya kugusa, na iwe zamu yake. Akimficha mfalme pembeni, ile hatua ya mfalme na ngome kuhama pamoja, amguse mfalme kwanza, ngome baadaye, kwa mkono mmoja. Saa anabonyeza kwa mkono uleule uliosogeza kete. Mpe vizibo na simu iliyowashwa saa, afanye mazoezi ya mkono.