Foromali inakwama nusu ya mlingoti

Wakuu, mashua mpya, futi 24. Tukivuta henza (kamba ya kupandishia tanga), foromali, yaani mti unaobeba tanga, inapanda hadi katikati tu. Kapi, kigurudumu kinachopitisha henza, ni jipya. Kosa liko wapi?

— Anza na kamba inayoishikiza foromali kwenye mlingoti. Ikikazwa, inabana kila ikipanda. Acha nafasi ya vidole viwili, kisha upake mlingoti shahamu. Henza ni kamba gani? Manila hunenepa ikilowa, ikajaa ndani ya kapi. Nailoni nayo hunyumbuka, tanga likashuka lenyewe.

— Mlingoti umesimama wima? Mafundi wengi wageni hukosea hapo. Uinamishe mbele kidogo kwa kabari, foromali ining'inie mbali nao.

— Na mjaribu omo, yaani mbele ya mashua, ikielekea upepo. Tanga likishajaa, hata watu wanne hawalipandishi.