Kupandisha sungura kwenye joto kali: tusimame, tuendelee, au tuhangaike na madume tu?

MwenyeBanda (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za mifugo. Kiangazi kinakaribia na nataka niamue mapema kabla bati halijaanza kuwaka. Nina majike wa New Zealand White na machotara wao, madume wawili, na banda la bati lililo wazi pande mbili. Mchana kipimajoto nilichotundika usawa wa vizimba kinasoma 36, siku mbaya 38.

Napima njia tatu. Moja, kusimamisha upandishaji kabisa mpaka joto litulie. Mbili, kuendelea kama kawaida na kupambana kwa feni, chupa za barafu na kunyunyizia maji. Tatu, kuendelea na majike wachache tu, ila madume niwatoe bandani niwaweke mahali pa baridi. Naomba maoni ya wanaofugia kwenye joto la kweli, siyo wale ambao kwao nyuzi 28 ni habari ya mjini.

Chakarika

Simama mkuu, usijitafutie kesi. Sungura hana jasho la maana. Joto analitoa kwa masikio na kwa kuhema, basi. Mwili wake uko kati ya 38.5 na 40, na hewa anayoifurahia ni ya nyuzi 15 hadi 21 hivi. Ikishafika 35, masikio yale hayana tena pa kumwagia joto, maana nje na ndani vimekaribiana. Na ukivuka 30 tu utaona anaanza kususa chakula, kwa sababu hata kumeng'enya kwenyewe kunazalisha joto.

Sasa ongeza mimba juu ya hapo. Jike wa wiki ya mwisho anahitaji kula sana wakati ambao hamu imekata. Mwili unageukia mafuta yake wenyewe, sumu inajaa kwenye damu, na asubuhi unamkuta amelala hainuki. Majike wanene ndio wanaotangulia. Kwangu miezi ile kazi ni moja, kuwaweka hai.

Nusu_Ekari

Nakubaliana na Chakarika kuhusu majike, lakini kusimama peke yake kunaliacha tatizo la dume bila kuguswa, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Dume akikaa siku kadhaa kwenye joto la zaidi ya 30, mbegu zinaharibika. Kupanda atapanda vizuri tu, ataanguka pembeni kama kawaida, na wewe utaandika tarehe kwenye kadi ukijua kazi imekwisha. Jike hashiki, au anashika watoto wawili watatu. Mbegu moja huchukua kama wiki sita au saba kutengenezwa, halafu bado inahitaji muda wa kukomaa kabla ya kutoka. Kwa hiyo joto la leo unalilipa miezi miwili mbele. Mtu anasimama kiangazi chote, hewa inapoa, anapandisha majike wote kwa furaha, na wote wanatoka watupu. Anaanza kuwalaumu majike, wengine wanachinjwa bure.

Hivyo mkuu, kusimama au kutosimama ni swali la pili. La kwanza ni madume watakaa wapi. Mimi naunga mkono njia ya tatu, na hata ukichagua ya kwanza, kile kipande cha madume kichukue.

Chakarika

Hapo kwa dume umenena. Naongeza kwamba jike akipumzishwa muda mrefu huku anakula mgao ule ule ananenepa, na mnene naye hashiki. Ukisimama, punguza chakula cha kiwandani, ongeza nyasi kavu.

FeniTatu

Mimi ni wa njia ya pili na bado nipo, ila nieleze inavyofanya kazi maana watu wananunua vifaa kwa mpangilio mbaya. Wanaanza na feni. Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Banda likiwa na 38, unampulizia sungura hewa ya 38. Inasaidia kutoa unyevu na harufu ya mkojo, hilo nalikubali, na inasaidia sana usiku hewa ya nje ikishapoa.

Kabla ya yote zuia joto lisiingie. Bati lipakwe rangi nyeupe au chokaa, au juu yake utandaze nyasi nene, au uweke wavu wa kivuli ulioinuliwa ili hewa ipite kati ya wavu na bati. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu bati lenyewe halipigwi na jua. Upande wa magharibi uzibe, jua la alasiri ndilo baya kuliko yote.

Kunyunyizia maji kunategemea hewa yako. Kama ni kavu, maji yanayeyuka upesi na kuondoka na joto, na unaweza kushusha nyuzi kadhaa kwa magunia mabichi tu mbele ya feni. Kama hewa ni ya unyevu, maji hayayeyuki, unabaki na banda la moto lililolowa na sungura wenye mafua na ukungu kwenye chakula. Mwanzisha mada hujasema kwako kukoje.

Chupa za barafu ni nzuri kwa aliye na sungura wachache na friza kubwa. Sungura anaiegemea, wengine wanailamba. Kwa banda zima inakuwa ajira. Nawapa majike wenye mimba tu, saa sita mpaka saa kumi. Vigae navyo vinafaa, ukivilaza vivulini usiku vipoe na kuviingiza mchana.

Halafu maji ya kunywa. Bomba jeusi linalopita juani linafikisha maji ya moto, na sungura atagoma kunywa. Akigoma kunywa hali, asipokula maziwa hayapo. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa siku. Funika bomba, au mwaga yale ya mwanzo kila mchana.

MwenyeBanda

FeniTatu asante sana. Kwangu ni kavu mchana, na usiku joto linashuka mpaka 22 hivi.

FeniTatu

Basi una nafuu kubwa. Mwenye 36 mchana na 22 usiku siyo sawa na mwenye 34 mchana na 29 usiku. Wa pili sungura wake hawapati hata saa moja ya kupumua. Wako watafidia chakula usiku. Wape jioni jua likizama, siyo asubuhi.

MamaVizimba

Wanangu mmesahau watoto. Hata mimba ikishika na jike akazaa salama, bado mnaweza kuwapoteza ndani ya kisanduku. Yule mtoto anazaliwa uchi, anahitaji joto la kiota kama nyuzi 30, na mama kwa akili yake anang'oa manyoya mengi anawafunika. Kukiwa na 37 nje, mle ndani ni tanuri. Ukiona watoto wametawanyika kila mmoja kona yake, wamelala chali wanahema, au wanatoka kisandukuni kabla macho hayajafunguka, wanakimbia joto. Wakiwa wamerundikana pamoja ujue wanalitafuta.

Mimi kisanduku cha mbao zilizozibwa nilishakiacha kwa msimu huo. Natumia chenye sakafu ya wavu mdogo na nyasi kavu juu, pembeni kuna matundu. Manyoya nayapunguza, ya ziada naweka kwenye mfuko safi, usiku ukipoa nayarudisha. Na jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walifanye: sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, mara mbili akizidisha, tena dakika chache tu. Kwa hiyo mchana nachukua visanduku vyote naviweka ndani kwenye sakafu ya saruji, kila kimoja na namba yake. Alfajiri navirudisha, mama ananyonyesha, navitoa tena. Mama hasumbuki, anapata na nafasi ya kujinyoosha.

Nusu_Ekari

Shikamoo mama. Hiyo ya kuhamisha visanduku naipenda kuliko chupa zote za FeniTatu.

MamaVizimba

Marahaba. Chupa nazo zina siku yake.

Kijana_wa_Sungura

Samahani wakubwa, kwani kumtumbukiza sungura kwenye ndoo ya maji baridi si ingekuwa haraka zaidi? Nimeona mtu anafanya.

Chakarika

Usifanye, mshtuko unamuua. Ukimkuta ameinua kichwa nyuma, mdomo wazi, pua imelowa, masikio mekundu ya moto, mtoe kwenye joto polepole, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, na mpe maji anywe kama anaweza mwenyewe. Usimmiminie mdomoni. Akilegea muite mtaalamu wa mifugo.

MwenyeBanda

Nimewasoma wote. Naona naelekea kwenye njia ya tatu: madume kwenye stoo ya matofali, sakafu ya saruji, dirisha upande wa kivuli. Nilifikiria pia kuchimba shimo, ardhini kuna baridi. Na kupandisha, alfajiri au jioni?

Nusu_Ekari

Stoo inatosha. Shimo ni baridi kweli, lakini harufu ya mkojo inatulia mle chini na hewa haitembei, macho na mapafu yanaharibika. Bila bomba la kutolea hewa usihangaike.

Alfajiri. Jioni ukuta na bati bado vinatoa joto la mchana, alfajiri mnyama amepoa usiku kucha. Jike ndiye umpeleke kwa dume kule stoo, siyo kinyume chake, akiwa kwake atampiga. Halafu hesabu mbele siku 31 uone uzazi unaangukia wapi. Ukianguka kwenye wiki zile mbaya kabisa, ruka. Majike wa uzazi wa kwanza na wanene waache wapumzike, chukua wale waliokwisha kuzaa vizuri.

MwenyeBanda

Na nitajuaje kama stoo imewasaidia madume, au mbegu zimekufa hivyo hivyo?

FeniTatu

Mwenye darubini anaangalia kama zinatembea. Usipokuwa nayo, mpe kila dume jike mmoja unayemwamini, umpapase tumbo siku ya 12 hadi 14. Ukikuta vijidonge laini vinavyoteleza vidoleni, dume huyo yuko sawa, waletee wengine. Usipokuta kitu kwa wa kwanza, jaribu jike wa pili kabla hujamhukumu, na yule dume mwingine asifanye kazi ya wawili kwa wakati huo.