Desktop Dungeons: raha ya dakika kumi au mtihani wa hesabu? Walioicheza njooni

MwanaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Mi nina kiduka cha stesheneri huku Ngamiani, kutoa kopi, kuchapa barua, kujazia watu fomu za mtandaoni, na kuanzia saa nane mpaka saa kumi jua la Tanga likishapamba moto hapiti mtu hata wa kuulizia bei ya kalamu. Nikawa natafuta gemu fupi ya RPG, zile za kukuza nguvu za mhusika wako, ya kuingia mapangoni, unapiga mazimwi unaokota dhahabu unatoka, isiwe ya kunikalisha masaa matatu maana mteja akiingia lazima niinuke. Jamaa akaniambia chukua Desktop Dungeons, pango moja dakika kumi hivi, na inafunguka hata kwenye leptopu kimeo kama yangu. Nikainunua.

Mwanzoni raha tupu. Mapango ya kwanza nikawa napita, nikajenga jenga ule mji wao, nikafungua wahusika wapya, afu ghafla kama mtu kabadilisha gemu usiku, kila nikiingia natoka nikiwa ndani ya jeneza. Sasa sijui gemu yenyewe ina kasoro au ndo inavyotakiwa iwe. Naomba walioicheza mniambie uzuri wake uko wapi hasa na ubovu wake uko wapi, na kama kuna haja ya kukaza au niifute nitafute nyingine. Kuna na mdogo wangu yuko form two anaitaka, huyu toka waende Amboni na shule kila pango kwake ni Amboni.

mzee_wa_kusubiri
Ngoja waje wajuzi, mi nimekaa kwa mbele.

Kete_Namua
Mkuu MwanaNgamiani pole, ila gemu haijabadilika. Shida ni lile jina RPG, umeingia ukidhani utapiga tu na utazidi nguvu kadri unavyokaa. Hiyo ni bao limevalishwa nguo za RPG. Usipohesabu kete kabla hujainua mkono umekwisha.

Angalia kitu kimoja tu, lile giza. Pango lina viboksi 20 kwa 20, yaani 400 jumla na kuta zake humo humo, na ukiingia karibu vyote vimefunikwa. Kila kiboksi cha giza unachokifunua kinakurudishia damu sawa na leveli yako na mana moja, mana ndo nguvu ya kurushia uchawi. Uko leveli ya 3, umefunua kimoja, damu 3 mana 1. Basi. Hakuna kulala, hakuna kukaa pembeni usubiri upone, mazimwi yenyewe yamesimama pale pale hayakufuati. Kwahiyo giza ndo dawa yako, na dawa inaisha. Ukizunguka pango zima kuangalia kuna nini kama tulivyozoea gemu zingine, ushainywa dawa yote ukiwa mzima, afu unakutana na bosi, lile zimwi kuu la pango, la leveli ya 10, huna pa kuponea.

Na hapo hapo kuna mtego wengi hawauoni, zimwi ulilolijeruhi nalo linapona unapofunua giza, tena kwa leveli yake sio yako. Piga hesabu: wewe leveli ya 4, ule uchawi wa moto BURNDAYRAZ unakula mana 6 na unapiga 4 mara leveli yako, yaani 16. Umemchoma zimwi wa leveli ya 5, mana imekata, unaenda kufunua viboksi 6 ili urushe tena, ukirudi yeye kwa 5 za kila kiboksi ameshafuta lile jeraha la 16 lote. Umemchoma 16 kapona zote!! Hapo hata ukikaa mpaka alfajiri hafi. Inabidi ujaze kwanza damu na mana ndo umfuate, na ukishaanza usiondoke.

Kwangu mimi huo ndo uzuri wote wa hii gemu, kanuni moja ndogo lakini inakufanya ufikirie kila hatua. Sijaona RPG fupi nyingine ambayo kutembea tu kwenyewe ni kutumia mtaji.

Binti_Raskazone
Kete_Namua umeeleza vizuri kaka yangu lakini unaipamba kama ni yako, acha na mimi niseme ya upande wa pili.

Kanuni ya giza sawa ni nzuri. Kasoro inaanza pale mji unapokua. Mwanzoni unaingia pangoni na ulichonacho, unakufa, unacheka, unaingia tena. Ukishajenga yale majengo, benki, duka la bidhaa, wahunzi, vyama vya wapiganaji na wezi na wachawi, unaanza kulipia vitu kabla ya kuingia, na mapango magumu ni kama yametungwa kwa kudhani ushajipanga. Sasa unakaa kwenye menyu unachagua mhusika gani, jamii gani (Binadamu, Orc na wengine), ubebe nini, mungu gani utamkuta huko ndani, maana miungu nao kila mmoja ana yake, Taurog ukimfuata hataki kukuona na uchawi, mwingine ndo anataka uchawi. Dakika kumi za pango unazitanguliza na robo saa ya matayarisho. Afu ukifa ile hela uliyolipia imeenda na maji, unarudi mapango rahisi kutafuta nyingine. Hiyo kwa mtu mwenye wateja dukani sio mapumziko tena, kwahiyo MwanaNgamiani anaposema kama gemu imebadilika usiku hajakosea hata kidogo, imebadilika kweli, na haikumwambia.

Na haifundishi. Inakupa maelezo ya juu juu halafu mambo ya maana, kama hilo la zimwi kupona kwa leveli yake, unayagundua ukiwa maiti.

Nisiwe mnafiki lakini, kuna kitu nimekipenda ambacho wanaume hamtakitaja. Kila mhusika ana picha ya kiume na ya kike, na wale wanawake wamechorwa kama watu waliotoka mapangoni kweli, nywele timtim, uso umechoka, nguo za kazi. Sio yale mambo ya kuvalishwa chuma kifuani tu tumbo lote nje eti anaenda kupigana na joka. Waliotengeneza waliwahi kuandika wenyewe kwamba walikusudia hivyo na kwamba haikuwa rahisi kama walivyodhani. Mi kwa hilo nawapa heshima yao.

yakhe_wa_chuda
Mie naona mnaipamba bure. Zimwi limesimama kama mlingoti wa bendera linakusubiri umalize hesabu zako!! Hiyo gemu gani. Mie RPG nataka nifungue mlango nikute kitu kinanirukia. Nimeicheza kidogo nikaiacha, kila pango sakafu na kuta na namba, hadithi yenyewe vipande vipande vya utani. Hesabu nilizikimbia shule nije kuzilipia?

FundiMakorora
Yakhe wewe tafuta tu nyingine, sio lazima kila mtu apende, ila hayo mazimwi kusimama ni makusudi. Yangekuwa yanatembea usingeweza kupanga chochote, ingekuwa bahati tu. Huu ukoo wa gemu za mapango unatoka mbali toka gemu ya Rogue ya 1980, pango linatengenezwa upya kila ukiingia na ukifa umekufa, ila zile za zamani pango moja linaweza kukula siku nzima. Hawa walichofanya ni kuikausha mpaka ikabaki fumbo la kumaliza ukinywa chai.

Kitu ambacho wengi hapa hawajui, hii gemu ni ya Waafrika. QCF Design, wako Cape Town Afrika Kusini. Ilianza kama kitu kidogo cha bure, 2011 ikapata tuzo ya ubunifu kwenye Independent Games Festival hata haijakamilika, toleo kamili likaja kutoka Novemba 2013. Na mziki wake usiuzime mkuu, wamepiga Danny Baranowsky na Grant Kirkhope, hao ni watu wazito kwenye mziki wa gemu. Mi spika zangu zimekufa upande mmoja na bado nauacha.

Upande wa mashine: toleo la 2013 ni picha bapa, halina makuu, halihitaji grafiksi kadi na ukishalishusha unacheza bila bando, umeme ukikatika na betri ikiwa inakaa unaendelea. Kuna na Desktop Dungeons: Rewind ya 2023, hiyo wameitengeneza upya kwa 3D na wameweka uwezo wa kurudisha hatua nyuma, yaani umepiga hatua ya kijinga unaifuta. Kwa anayejifunza ni msaada mkubwa, na kwa alivyosema Binti kwamba haifundishi, pale wameziba pengo kwa kiasi. Lakini leptopu kimeo usiilazimishe, itapiga kelele kama mashine ya kukoboa.

MwanaNgamiani
Duh asanteni sana wakuu. Kete_Namua hilo la giza nilikuwa naliona naona tu, yaani mi nikiingia cha kwanza nafunua pango lote ndo nianze kupiga, sasa naelewa jeneza linatoka wapi. Swali lingine, zile glifu, yale maandishi ya uchawi yanayokuwa yamelala chini, kuna sehemu inaniambia niyageuze. Nikigeuza yanapotea. Nageuza ili iweje? Na kwa bosi, nikifika nina damu yangu imejaa lakini ananimaliza mapema, nifanyeje?

Kete_Namua
Kugeuza ni kuuza uchawi usiouhitaji ili upate faida ya jamii yako. Kila jamii ina yake: Binadamu anaongezewa asilimia ya nguvu ya kupiga, Elf mana, Dwarf kiwango cha juu cha damu, Orc nguvu ya msingi ya kupiga, Halfling anapewa dawa ya damu, Gnome dawa ya mana, Goblin XP, zile pointi za kupandia leveli. Kwahiyo kama umechukua mpiganaji wa Binadamu na umeokota uchawi tano, huwezi kuzitumia zote, mana yenyewe 10. Bakiza mbili tatu zinazokufaa, zilizobaki geuza. Wachezaji wengi wanazikumbatia zote kama urithi wa babu.

Sasa bosi. Hapa ndo utamu wenyewe ulipo na ndo sababu mi siwezi kuifuta hii gemu. Ukipanda leveli damu na mana vinajaa palepale, sawa? Basi usiue wadogo wote. Wale wa leveli ya 1 na ya 2 wakwepe mapema, waache wamesimama kama akiba. Wewe panda leveli kwa kuua waliokuzidi namba, maana ukimuua aliyekuzidi unapata XP ya nyongeza, na hapo zimwi anayeitwa Meat Man ni rafiki yako, ana damu nyingi lakini kipigo chake chepesi. Ukifika kwa bosi uwe umebakiza XP kidogo tu kupanda. Mpige bosi mpaka damu yako ikaribie kuisha, toka hapo nenda kaue kadogo kamoja, umepanda leveli, umejaa damu umejaa mana, na bosi hajapona hata tone kwasababu hujafunua giza. Rudi mpige. Ukiwa na wadogo wa kutosha unaweza kuifanya hiyo zaidi ya mara moja.

Angalizo: tembea kwenye viboksi ulivyokwisha kufunua. Ukifunua hata kimoja njiani umempa bosi 10. Na ukiwa umeumwa na nyoka, sumu ikiwa bado mwilini giza halikupi damu kabisa, itoe sumu kwanza. Pia weka mausi juu ya zimwi kabla ya kubonyeza, pembeni inakuambia utabaki hai au utakufa. Ile sio pambo.

Binti_Raskazone
Hapo kwenye mausi Kete kasema la maana kuliko aya zote alizoandika 😂

MwanaNgamiani mdogo wangu, na mimi nikuongezee. Kuna yale mafumbo, mapango yaliyopangwa tayari ambayo hayabadiliki na yana jibu. Anza nayo hayo kabla hujarudi kwenye mapango magumu, kila moja linakufundisha ujanja mmoja na halikuli hela ya mji. Nashangaa kwanini hawakulazimisha watu wapitie pale mapema.

Kuhusu mdogo wako wa form two: namba ataziweza kukushinda wewe. Kizungu ndo kitamsumbua, majina ya uchawi wameyaandika kwa utani wa matamshi na maelezo ya vitu yamejaa masihara, ukiyaondoa masihara hayo habari zenyewe ni mstari mmoja. Kaa naye mapango mawili ya mwanzo umsomee.

yakhe_wa_chuda
Hilo la kuacha wadogo kama akiba mbona hakuna aliyeniambia. Bado naipinga lakini nitaifungua tena ijumaa.

FundiMakorora
Yakhe karibu. Usianze na mchawi, wewe chukua Orc mpiganaji, hesabu zake chache.

Kete_Namua
MwanaNgamiani ukifika kwa bosi tena usipige. Weka hapa picha ya skrini, ionyeshe damu yako, mana, XP iliyobaki, na wadogo uliowabakiza, tuhesabu wote.

Binti_Raskazone
Akiweka, mi nahesabu upande wa bosi.